Saa za Ziwa, Jumapili ya Mwisho ya Julai

Meli zikizama huacha majina. MV Bukoba, 21 Mei 1996. MV Nyerere, 20 Septemba 2018, hatua chache kutoka Ukara. Mtu wa Kanda ya Ziwa akisikia mojawapo ya majina hayo anakumbuka alikuwa wapi siku ile, na wengi wanakumbuka nani wa ukoo wao alikuwamo. Mitumbwi miwili iliyozama wilayani Bunda, kata ya Igundu, Jumapili ya tarehe 30 Julai 2023, haikuwa na jina ambalo redio ingelirudia. Ilikuwa imebeba watu 28 waliotoka ibadani wakirudi Mchigondo. Kwa kuwa mkasa wao hauna jina, naukumbuka kwa saa zake, kwa sababu ziwa letu lina ratiba, na mwezi Julai huifuata karibu kila siku.

Saa 12 asubuhi. Mwezi huu jua huchelewa huku mkoani Mara, hutoka ikikaribia saa 1. Usiku kucha nchi kavu imepoa kuliko maji, hivyo hewa inateremka kutoka milima ya Butiama na mbuga za Bunda kuelekea ziwani. Kusi nayo, ambayo ndiyo msimu wake, inatokea kusini mashariki, yaani inatoka nchi kavu vilevile. Pepo hizo mbili zinasukuma upande mmoja, zikiipa kisogo pwani yetu. Ukisimama Mwigobero pale Musoma, au kwenye mwalo wowote wa Mwibara, unaona maji yamelala. Mawimbi yapo, ila yako mbali, yanakwenda zao magharibi. Huu ndio wakati ambao mama mwenye mtoto mgongoni anapanda mtumbwi bila kusita, na ana haki ya kutosita.

Asiyejua Mwibara huuliza kwa nini watu wasipite barabarani. Ni rasi inayonyooka kuelekea Ukerewe, kusini yake Ghuba ya Speke, kaskazini yake maji yanaingia na kutoka kwenye vighuba hadi Majita. Kijiji unachokiona ng'ambo, kwa macho yako, kwa barabara kinakulazimu kuzunguka ghuba nzima. Kwa kasia ni safari fupi. Harusi, msiba, mnada na ibada hupita majini kwa sababu hiyo, kama zilivyopita kwa babu zao Wajita na Wakerewe.

Saa 3, saa 4. Ibada. Upepo wa nchi kavu unapungua. Kiangazi kimekomaa, anga ni jeupe, pamba inauzwa, dagaa wanaanikwa.

Saa 5 hadi saa 6 kuna kipindi ambacho upepo hukata kabisa. Ziwa linakuwa bapa, unaona miamba chini kwenye maji ya kando. Wageni hulisifu ziwa saa hii. Wavuvi wakongwe hulitazama kwa jicho lingine, maana upepo unageuka. Nchi kavu imepata moto sasa, hewa juu ya Bunda na Serengeti inapanda, na hewa baridi ya ziwani inaingia kujaza nafasi yake. Mpulizo wa kwanza unatoka magharibi, mwororo, unapoza jasho. Hakuna anayeuogopa.

Hapa ndipo Julai inapotudanganya. Wakati wa masika, ikifika mchana, mawingu hujirundika mashariki juu ya Butiama na Tarime, radi inasikika, na hata mtoto anajua kwamba leo hapavukwi. Usiku dhoruba hujijenga juu ya ziwa lenyewe, na wavuvi wa dagaa huhesabu umeme wa mbali kabla ya kuamua. Tumelelewa kuogopa wingu. Upepo wa kiangazi hauna wingu. Unavuma chini ya anga safi, jua likiwaka, na mtu aliyefundishwa kutazama juu hatazami maji.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa Ziwa Victoria kila siku, unaotaja upepo na mawimbi. Kuanzia 2017 Shirika la Hali ya Hewa Duniani liliongoza mradi ulioitwa HIGHWAY, ambao ulilenga kuwafikishia wavuvi na wasafiri wa ziwa hili, Tanzania, Kenya na Uganda, taarifa wanazoweza kuzielewa na kuzitumia. Shirika hilo hutaja makadirio ya vifo kati ya 3,000 na 5,000 kwa mwaka katika ziwa zima. Wengi mno kati ya hao hufa wawili hapa, wanne pale, bila kutajwa magazetini. Utabiri hufika redioni na kwenye simu za wenye mitumbwi ya uvuvi. Kanisani haufiki. Sioni kwa nini usifike: matangazo ya Jumapili husoma ndoa, michango na wagonjwa, na panapokuwa na wageni waliokuja kwa maji, upepo wa alasiri ni tangazo lenye uzito kama hayo.

Saa 8. Upepo umeshika. Kutoka upande wa Kagera hadi kwetu ni maji matupu, karibu kilomita 200, visiwa vichache tu vikivunja safari yake, na kila kilomita inaongeza kimo cha wimbi. Wimbi la ziwa halifanani na lile la bahari kuu linalokuja pana na kukuinua taratibu. La kwetu ni fupi, limesimama wima, na jingine liko nyuma yake kabla mtumbwi haujanyooka. Linapofika kwenye kina kidogo karibu na ufuko linavunjika, na hapo ndipo abiria hudhani wameshafika.

Saa 9, saa 10. Ukitazama ziwa kutoka Makoko, Musoma, saa hizi unaona povu jeupe kila mahali. Mtumbwi wa mbao uliojaa watu kingo zake zinabaki karibu sana na maji. Wimbi moja likirusha ndoo mbili ndani, mtumbwi unashuka kidogo, la pili linaingia kirahisi zaidi, na kopo la kuchotea maji haliwezi kushindana.

Nimefikiri sana juu ya saa hizi, kuliko hata saa ya ajali yenyewe. Ibada ya wageni huku kwetu haiishi kwa "Amina". Kuna kwaya, kuna chakula, kuna kusindikizana. Mwenyeji kumwacha mgeni aondoke saa 6 bila kula ni aibu kwake, na mgeni kudai kuondoka ni kumkosea mwenyeji. Ukarimu wetu unamrudisha mtu mwaloni alasiri, wakati ambao ziwa lina nguvu zake zote. Hakuna mwenye hatia katika hilo. Lakini saa ya kurudi inaweza kupangwa asubuhi, kabla ya kupanda, na mzee wa kanisa anaweza kuitamka mbele ya wote: tutakula mapema, saa 6 mko majini, au mtalala kwetu. Vikundi vya BMU, yaani vya usimamizi wa mialo, vilivyopo ufukweni huzuia nyavu haramu; neno lao kwamba chombo cha abiria kisitoke alasiri lingesikilizwa kuliko la ofisa yeyote wa mbali.

Saa 12 jioni, au karibu yake. Mitumbwi yote miwili imezama.

Jua bado lilikuwepo, karibu saa nzima ya mwanga ilikuwa imebaki. Na ni saa inayoshawishi, kwa kuwa upepo huwa unaanza kulegea na abiria husema sasa kumetulia. Upepo hulegea kwanza, mawimbi hufuata baadaye sana, na maji yaliyochafuka tangu saa 8 hayatulii kwa sababu majani ya pwani yametulia.

Mvuvi yeyote wa Majita atakueleza jinsi vyombo viwili vinavyoweza kuangamia pamoja. Kimoja kikijaa maji, walio ndani husimama, na wakisimama kinapinduka. Cha pili kikisogea kusaidia, mikono ishirini inakamata ukingo mmoja, na huo ndio mwisho wa chombo hicho pia. Njia iliyo salama ni ngumu kwa moyo: kukaa mbali kidogo, kurusha kamba au dumu, kumpandisha mtu mmoja mmoja kwa mbele au nyuma, kamwe si ubavuni. Nani ana uwezo wa kukaa mbali wakati anayepiga kelele ni dada yake?

Maji ya ziwa hayana chumvi, kwa hiyo humbeba mtu kidogo kuliko bahari. Jaketi okozi ndilo jibu, na sheria inalidai kwa chombo cha abiria. Lisipokuwepo, dumu tupu la lita 20 lililofungwa mfuniko sawasawa linainua karibu kilo 20, na mtu mzima majini hahitaji hata nusu yake ili kichwa kibaki juu. Madumu hayo yamo katika kila nyumba ya Mwibara. Natamani kila mtumbwi wa harusi na ibada uwe na dumu moja kwa kila watu wawili, lenye kamba shingoni.

Saa 1 usiku kasoro dakika chache jua lilizama. Mwezi ulikuwa tayari angani, zikisalia siku mbili uwe kamili. Wasiojua wataona hiyo ni bahati. Siku za giza, saa hii, mitumbwi ya dagaa inatoka kwa makumi, karabai zinawaka hadi upeo wa macho, na mtu anayepiga kelele majini ana nafasi ya kusikika. Mbalamwezi hushinda taa, dagaa hawafuati karabai, na wavuvi wengi hupumzika nyumbani wakishona nyavu. Zilikuwa siku za mbalamwezi.

Watu 14 walitolewa majini wakiwa hai.

Baada ya saa 4 usiku nchi kavu inapoa tena, na upepo unarudi kule ulikokuwa asubuhi, ukitoka pwani kwenda ndani. Chochote kinachoelea hupelekwa magharibi, mbali na wanaokingoja ufukweni.

Jumatatu, 31 Julai. Taarifa iliyotolewa asubuhi: mwili wa mtu mzima mmoja umepatikana, 13 hawajaonekana. Msako wa mtumbwi hufuata ratiba ileile ya ziwa. Hutoka kunapopambazuka, maji yakiwa yamelala, hukagua matete na miamba kwanza, kisha hupanuka kwenda ndani. Ikifika saa 7 wenye vyombo vidogo hulazimika kurudi, hata kama wametoka kuona nguo inaelea, kwa sababu upepo wa magharibi umeshaanza na wao pia wana watoto. Hesabu ya mwisho ilisimama kwenye vifo 14.