Ufunguo Uliotoka Mfukoni: Tarihi ya Kuliamuru Gari kwa Mbali Mjini Johannesburg

Mtu asiyeijua Johannesburg, akisikia kwamba wako wakazi wa mji ule ambao alfajiri ya Julai, umande ukiwa umeganda juu ya majani kwa baridi, huinua simu wakiwa bado jikoni na kuliamuru gari lililoko uani lijipashe moto, lieleze kiasi cha umeme kilichomo katika betri yake, na lijulishe kama milango yake imefungwa, aghalabu hudhani kuwa hiyo ni anasa ya matajiri iliyowasili majuzi kutoka Ulaya na Uchina. Anasa imo, sikatai. Lakini desturi yenyewe ya kulitazama gari na kuliamuru kwa mbali imekwisha kutimiza miaka thelathini katika mji ule, na iliyoizaa si raha, ni khofu.

Tarihi hii yafaa ianzie pale ambapo hapakuwa na umbali wowote baina ya gari na mtu wake. Tarehe 4 Januari 1897, gari la kwanza kuonekana Afrika ya Kusini, Benz Velo lililoletwa na John Percy Hess, lilionyeshwa mjini Pretoria mbele ya Rais Paul Kruger, na Johannesburg wakati huo ilikuwa kambi ya dhahabu yenye umri wa miaka kumi na kitu, kwani dhahabu yake iligunduliwa mwaka 1886. Gari lile halikuwa na ufunguo wala siri: aliyetaka kuliendesha alilazimika kusimama kando yake na kulizungusha kwa nguvu za mikono yake gurudumu zito la injini mpaka lipumue. Ufunguo wa chuma uliokuja baadaye ndio uliompa mwenye gari ruhusa ya kuliacha njiani na kwenda zake huku moyo umetulia, na kwa miongo mingi mfuko wa suruali ulitosha kuwa hazina ya umiliki wake.

Umeme ulikuwa na habari nyingine. Tangu siku tramu za umeme zilipoanza kukata mitaa ya Johannesburg tarehe 14 Februari 1906, zikawastaafisha farasi waliokuwa wakivuta tramu za kwanza, mji ulizoea kuishi kwa nguvu itokayo mbali na kuongozwa na mkono usioonekana; na mkono huo haukuwa wa watu wote. Mtambo wa Orlando, uliojengwa katika eneo ambalo baadaye liliitwa Soweto na kuanza kazi katika vita vya pili vya dunia, ulipeleka umeme katika mitaa ya Wazungu, ilhali waliokaa chini ya minara yake walisomea kwa mishumaa na kupikia makaa, na wengi wao hawakufikiwa na nyaya mpaka miaka ya 1980. Nalitaja jambo hili kwa sababu kila ninaposoma sifa za amri ya mbali huuliza kwanza swichi iko mikononi mwa nani, na Orlando ndiyo iliyonifunza kuuliza hivyo.

Ikaja miaka ya 1990. Nchi ilikuwa ikijivua utawala wa ubaguzi, silaha zilikuwa zimezagaa, na uporaji wa magari kwa mtutu wa bunduki ulienea mpaka ukabadilisha hata namna watu wanavyorudi nyumbani jioni. Mahali pa hatari kupita pote palikuwa langoni mwa nyumba, katika zile nukta chache ambazo dereva amesimama akingoja lango lifunguke, hana njia ya kwenda mbele wala nyuma. Rimoti ya lango ikawa kitu cha lazima katika nyumba za wenye uwezo, ili mtu asiteremke garini. Madereva wakajifunza kulipita lango lao wenyewe na kuzunguka mtaa iwapo wameona gari geni likiwafuata. Na mwaka 1998 Charl Fourie, mvumbuzi wa hapo hapo, akafikia hadi kutengeneza kifaa kilichoitwa Blaster, kinachorusha ndimi za moto kutoka ubavuni mwa gari kumwelekea mporaji. Kifaa hicho hakikudumu sokoni, lakini kuwapo kwake tu kunatosha kueleza hali ya nyoyo za watu katika zama zile.

Kilichodumu ni redio iliyofichwa. Kampuni ya Netstar ilianza mwaka 1994 na Tracker ikafuata mwaka 1996, hii ya pili ikitumia maarifa ya LoJack, kampuni iliyoanzishwa Massachusetts nchini Marekani na mtu aliyekuwa na uhusiano na kazi ya polisi. Kifaa chenyewe, kidogo cha kujificha nyuma ya viti au ndani ya mlango, kilinyamaza mwaka mzima kama kimekufa. Gari likiibiwa, mwenyewe alipiga simu katika chumba cha uangalizi, amri ikarushwa hewani, kifaa kikazinduka na kuanza kulia kwa mawimbi ambayo sikio la binadamu haliyasikii, na magari ya msako na helikopta zenye antena zikauandama mlio huo mpaka kwenye gereji au kichaka lilikofichwa gari. Kisha mambo mawili yakaongeza macho ya kazi hii: mitandao ya simu za mkononi, ambayo nchi ile iliipata mwaka 1994, na uamuzi wa serikali ya Marekani wa Mei 2000 wa kuacha kuyavuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS kwa raia, hata mahali pa gari pakajulikana kwa tofauti ya mita chache badala ya makumi ya mita. Cartrack, iliyoasisiwa mwaka 2004 na yenye makao yake Rosebank mjini Johannesburg, imekua juu ya msingi huo, na leo biashara yake inafika Kenya na Tanzania.

Makampuni ya bima nayo yakaona faida, yakaweka sharti kwa magari mengi: bila kifaa cha kufuatilia, hakuna bima. Basi kabla simujanja hazijazaliwa, mkazi wa Johannesburg alikwisha kuzoea jambo ambalo wenye magari kwingineko waliligundua baadaye kwa mshangao, kwamba baina yake na gari lake yuko mtu wa tatu, amekaa mbele ya kioo katika ofisi asiyopata kuikanyaga, naye anajua gari liko wapi kuliko mwenyewe. Alimpa amana hiyo kwa hiari, au tuseme kwa hiari ya mtu aliyechoka kuogopa.

Yuko na mlinzi mwingine, ambaye tarihi za ufundi humsahau, nami nisingependa kumsahau kwa kuwa wengi katika kundi lake husema lugha hii ninayoiandika. Katika miaka ile ile ya 1990, nje ya maduka, makanisa na mikahawa, walianza kuonekana watu waliovaa vizibao vya rangi kali wakielekeza magari kwenye nafasi na kuyatazama mpaka wenyewe warudi. Na miongoni mwao walikuwamo Wakongo wengi, baadhi wakitoka Lubumbashi, Bukavu na Goma, walioikimbia vita na dhiki, na wengine wakiwa na shahada za chuo kikuu ambazo hazikuwafungulia mlango wowote. Hawakuwa na mshahara, ila bakhshishi. Na mahali pengine walidaiwa ada ya kila siku kwa ajili ya kuruhusiwa kusimama hapo. Jioni walirudi Yeoville na Berea, vitongoji ambavyo mpaka leo mtu hupita njiani akasikia Kiswahili, Kilingala na Kifaransa katika hatua kumi. Mwenye gari aliyekuwa mezani mkahawani alikuwa na jicho lake nje, na jicho hilo lilikuwa la mtu aliyekuwa na watoto wa kusomesha.

Gari mseto la kuchaji, yaani lile lenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme na betri ijazwayo kwa waya kutoka ukutani, lilikuja na haja mpya. Gari la petroli likisimama halina la kueleza. Gari hili likisimama liko kazini, linakunywa umeme, na mwenyewe ataka kujua limefika wapi. Ndiyo maana Chevrolet Volt, lililoanza kuuzwa Marekani mwishoni mwa 2010, lilikuja na programu yake ya simu, na Mitsubishi Outlander la mseto, lililotoka Japani mwaka 2013, likaja na yake. Hili la Mitsubishi lina funzo: badala ya kupitia mtandao wa simu, gari lenyewe lilirusha Wi-Fi, na simu ikaungana nalo ikiwa karibu. Lakini mwaka 2016 wachunguzi wa usalama wa Uingereza, Pen Test Partners, wakaonyesha kuwa nenosiri la Wi-Fi ile liliweza kuvunjwa, na aliyelivunja akaweza kuzima king'ora cha gari. Magari mengi ya leo hubeba laini yake ya simu ndani, na amri ya mwenyewe husafiri kwanza mpaka kwenye seva za mtengenezaji, ambazo huenda ziko bara jingine, ndipo irudi uani kuliamsha gari lililo hatua ishirini tu kutoka jikoni. Mtu wa tatu hakuondoka. Amehama tu, kutoka chumba cha uangalizi cha Johannesburg kwenda kwenye seva hizo.

Magari haya hayakuwa mengi Afrika ya Kusini: hata mwaka 2023 yaliyouzwa kwa mwaka yalikuwa mamia machache tu, kwani bei yake ilikuwa ya matajiri wa Sandton, si ya jirani zao maskini wa Alexandra wanaotenganishwa nao na barabara kuu. Lakini hayatoki mbali yote. Huko Rosslyn, kaskazini mwa Pretoria, kilipo kiwanda cha kwanza cha BMW nje ya Ujerumani, kinachomilikiwa nayo tangu 1973, hutengenezwa tangu 2024 gari la X3 la mseto, lenye uwezo wa kwenda kilomita 80 hadi 90 kwa umeme peke yake, na sehemu kubwa ya magari hayo hupelekwa Ulaya.

Wenye magari mseto nchini humo walikutana na mgao wa umeme. Mgao ulianza kuitikisa nchi mwanzoni mwa 2008, migodi ya dhahabu ikalazimika kusimama, na mwaka 2023 ulikuwa mbaya kupita yote, umeme ukikatwa kwa zamu katika siku zaidi ya 300. Betri ya gari mseto ikichajiwa katika soketi ya kawaida huhitaji karibu usiku kucha, na usiku wa mgao haukuwa mzima: saa mbili au nne za giza zilikuja, zikaondoka, zikarudi. Hapo ndipo programu ya gari ilipopata maana ambayo watungaji wake hawakuikusudia. Mwenye gari alikuwa na programu ya EskomSePush, ambayo nchi nzima iliitegemea kujua zamu ya giza ya mtaa wake, na pembeni yake programu ya gari. Akasoma katika ya kwanza saa za kukatwa, akapanga katika ya pili saa za kuchaji, na usiku wa manane akaamka kutazama kama umeme uliporudi gari liliendelea kunywa au lilisahau. Swichi kubwa ilikuwa kwa Eskom, shirika la umeme lililoundwa mwaka 1923. Ndogo ilikuwa kitandani. Mgao ulipokoma kwa muda mrefu tangu Machi 2024, mazoea ya kupanga saa hayakukoma nao.

Wezi hawakulala katika muda wote huu. Rimoti za milango zilipoenea, walileta vifaa vya kuvuruga mawimbi: mwenye gari anabonyeza, anageuka, anaingia dukani, na amri yake haikufika. GPS na mtandao wa simu vilipozoeleka, wakaleta vivuruga vyake pia, na kampuni za ufuatiliaji zikarudi kuficha ndani ya magari redio ndogo za namna ile ya miaka ya 1990, zisizotegemea mtandao wa simu. Gari la kisasa lenye programu ya mtengenezaji hubeba bado, kwa sharti la bima, kifaa kingine ambacho programu ile haina habari nacho.

Basi katika uwanja wa duka kubwa, gari likiwa limechomekwa kwenye chaja, mwenyewe husikia mlio wa kufunga, huitazama simu ikimwambia kuwa milango yote minne imefungwa, humwitikia kwa kichwa mlinzi mwenye kizibao aliyemwuliza kama amehakikisha. Kisha, kabla ya kuingia ndani, hurudi hatua mbili na kukivuta kitasa kwa mkono wake.