Jiwe Jeusi la Ziwa Kuu la Dubu

Wasomaji wetu waijuao sura ya 28 ya Kitabu cha Ayubu watakumbuka inavyoeleza habari za watu waendao mahali pasipokanyagwa, wakapasua miamba ili kupata vitu vya thamani vilivyofichika. Leo twaleta habari za mahali pamoja pa namna hiyo, kaskazini ya nchi ya Kanada, tupate kuona jinsi jiwe lilivyotafutwa, na ni nani waliolichukua mabegani.

Huko liko ziwa liitwalo Great Bear Lake, yaani Ziwa Kuu la Dubu. Eneo lake ni kilometa za mraba 31,000 hivi, nalo hufunikwa na barafu muda mwingi wa mwaka. Wenyeji wake ni Wadene, watu wa kuwinda na kuvua samaki.

Mwaka 1900 mjuzi wa miamba, James Mackintosh Bell, alisafiri katika ziwa hilo kwa kazi ya serikali. Aliandika katika taarifa yake ya kuwa miamba ya pwani ya mashariki ina madoa ya kobalti na ya shaba. Taarifa ikapigwa chapa, ikawekwa, na kwa miaka mingi hapana aliyeifuata.

Miaka hiyo watu walikuwa wakitafuta sana radiamu. Marie Curie na mumewe Pierre waliitambua mwaka 1898 katika jiwe jeusi, zito, lenye urani ndani yake. Nayo ikatumiwa kutibu ugonjwa wa kansa. Lakini tani nyingi za mawe hutoa chembe ndogo tu. Mwaka 1915 jiwe hilo lilionekana Shinkolobwe, katika Katanga ya Kongo, ambako Kiswahili chasemwa. Tangu mwaka 1922 Wabelgiji walisafisha radiamu ya huko, wakawa karibu peke yao sokoni, na gramu moja iliuzwa kwa dola 70,000 hivi.

Ndipo mtafuta madini mmoja wa Kanada, Gilbert LaBine, akaisoma ile taarifa ya Bell. Mwaka 1929 aliruka kwa ndege juu ya ziwa hilo, na mwaka uliofuata akarudi pamoja na Charles St. Paul, wakakokota vyombo vyao juu ya barafu. Mng'ao wa theluji ukamwumiza St. Paul macho, hata asiweze kuona. Basi tarehe 16 Mei 1930 LaBine alikwenda peke yake kando ya pwani, akalikuta jiwe jeusi mwambani. Vigingi vikapigwa kudai haki ya kuchimba.

Kupata jiwe ni jambo moja, kulifikisha ni jambo jingine. Kutoka machimboni mpaka reli ilikuwa safari ya maji ya zaidi ya kilometa 2,000, na toka hapo mbali tena mpaka Port Hope, ambako kiwanda cha kusafisha kilianza kazi mwaka 1933. Penye maporomoko ya mto mzigo ulishushwa ukapitishwa nchi kavu. Hapo Wadene waliajiriwa kupakia na kupakua magunia, kila gunia kilo 45 hivi. Vumbi la jiwe liliwaingia nguoni, wakarudi nalo nyumbani.

Machimbo yalifungwa mwaka 1940, yakafunguliwa tena 1942. Sasa haikutakwa radiamu, ila urani yenyewe, na mwaka 1944 serikali iliyatwaa. Urani ya Kanada, pamoja na ile ya Kongo iliyokuwa nyingi kuliko zote, iliingia katika kazi ya kutengeneza mabomu. Mwezi wa Agosti 1945 Hiroshima na Nagasaki ziliangamizwa. Urani iliendelea kuchimbwa ziwani hata mwaka 1960.

Miaka ilipopita, wajane walikuwa wengi katika kijiji cha Délįnę. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2005 haukupata ushahidi wa kutosha wa kuonyesha ya kuwa kansa ya wachukuzi ilitokana na mizigo ile. Lakini wazee walishuhudia kwamba hawakuambiwa neno lolote la hatari, hali idara ya madini ya serikali ilikuwa imekwisha kupiga chapa maonyo kwa watendao kazi ya radiamu tangu mwaka 1931.

Tena, mwaka 1998 watu kumi wa kijiji hicho walisafiri mpaka Hiroshima kuwapa pole walionusurika. Hawakutengeneza bomu wala hawakulitupa. Walichukua magunia tu. Hata hivyo waliona haifai kunyamaza.

Basi twaona karatasi mbili. Ya mwaka 1900 ilisomwa na mtu mmoja, ikampa mali. Ya mwaka 1931 haikusomwa kwa waliokuwa na vumbi mabegani. Nchini Tanzania nako urani imetafutwa, penye Mto Mkuju, wilaya ya Namtumbo. Kwa hiyo habari hizi haziko mbali nasi. Sisi tujuao kusoma tusiseme karatasi za wachimbaji hazituhusu. Tuulize zimeandikwa nini, kisha tumsomee jirani kabla hajajitwika gunia.