Dawa ya ng'ombe inapofika kwenye kikombe cha chai

Na Mwandishi Wetu, Geita

MATUMIZI holela ya antibayotiki kwa mifugo hayamalizikii zizini. Katika maeneo ya machimbo kama Nyarugusu, mkoani Geita, ambako wachimbaji wadogo wa dhahabu hununua nyama, mayai na maziwa kutoka kwa wafugaji, mnunuzi anaweza kubeba pamoja na kitoweo kitu ambacho hakukilipia: mabaki ya dawa, au bakteria waliokwisha kuizoea dawa hiyo. (Nyarugusu hii isichanganywe na kambi ya wakimbizi ya jina hilohilo iliyoko Kasulu, mkoani Kigoma.)

Antibayotiki ni dawa zinazoua bakteria au kuwazuia wasizaliane. Kwa mifugo nchini, inayofahamika zaidi ni oksitetrasaiklini. Zipo pia penisilini iliyochanganywa na streptomaisini, dawa za salfa na tailosini. Baadhi ya dawa hizo, au ndugu zake wa karibu, ndizo anazopewa binadamu hospitalini.

Usajili wa dawa uko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), na kazi ya utabibu wa wanyama inasimamiwa na Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003. Hata hivyo, katika vijiji vingi mfugaji huenda dukani, hueleza dalili, hununua chupa na sindano, kisha humchoma mnyama mwenyewe. Ni rahisi kumlaumu, lakini daktari wa mifugo yuko mbali, ng'ombe ndiye benki ya familia, na akifa usiku huu hakuna wa kumfidia.

Kosa linalogharimu zaidi ni kutoa dawa kwa ugonjwa usiohusika nayo. Kuku wakianza kufa kwa mdondo, ambao wengine huuita kideri, huwekewa antibayotiki katika maji ya kunywa. Mdondo unasababishwa na virusi, na antibayotiki haiui virusi hata ikiongezwa mara mbili. Kinga yake ni chanjo, na ile ya I-2, inayotengenezwa hapa nchini, hutolewa kwa tone moja la jicho kila baada ya miezi mitatu.

Kwa ng'ombe, mkanganyiko mkubwa ni wa magonjwa mawili yenye majina yanayofanana, yote yakiletwa na kupe. Ndigana baridi husababishwa na bakteria na husikia oksitetrasaiklini. Ndigana kali husababishwa na kimelea cha aina nyingine, na ikishapamba moto huhitaji dawa tofauti, buparvakwoni. Mfugaji asiyepata kipimo hukisia, na asipokisia vizuri hupoteza fedha na mnyama kwa pamoja.

Kila dawa inapotolewa bila sababu au kwa kipimo pungufu, bakteria dhaifu hufa na wenye uwezo wa kuihimili hubaki wakizaliana. Jijini Mwanza, watafiti waliochunguza wanyama 600, wa kufugwa majumbani na mashambani, walichapisha mwaka 2016 kwamba takriban mmoja kati ya watano alibeba bakteria wanaovunja dawa za kundi la sefalosporini, ambazo madaktari huzitegemea kwa wagonjwa mahututi.

Uzito wa jambo hilo ulikwisha kuonekana katika Hospitali ya Taifa Muhimbili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kuwa miongoni mwa watoto waliolazwa, waliokuwa na maambukizi ya damu ya kundi la bakteria wa Gram-hasi walikufa kwa asilimia 43.5, zaidi ya mara mbili ya wale wa malaria, na usugu ulichangia. Utafiti huo haukusema kuwa chanzo ni mifugo. Dawa hutumika vibaya pia kwa binadamu.

Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku antibayotiki za kukuzia mifugo kuanzia Januari 2006. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilishauri wanyama wasio wagonjwa wasipewe dawa hizo ili wanenepe. Mwaka huohuo Tanzania ilizindua mpango wake wa kwanza wa taifa wa kupambana na usugu wa vimelea, na wa pili ni wa mwaka 2023 hadi 2028.

Kwa mlaji, neno muhimu ni muda wa kusubiri, yaani siku ambazo nyama au maziwa hayapaswi kuuzwa baada ya sindano. Kwa oksitetrasaiklini ya kukaa muda mrefu mwilini, lebo nyingi hutaja wiki tatu hadi nne kwa nyama na siku saba au zaidi kwa maziwa. Ni muda mrefu kwa mtu anayetegemea maziwa ya asubuhi kununua unga wa jioni, na hapo ndipo maagizo ya lebo hushindwa.

Watengenezaji wa mtindi huweza kulitambua tatizo mapema: maziwa yenye mabaki ya antibayotiki hugoma kuganda, kwa sababu bakteria wa kugandisha nao huuawa. Kuyachemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi mabaki yote ya dawa.