Beji za Zeppelin: kumbukumbu ya waliobaki chini

Msomaji, leo tuache mambo ya programu kidogo, tuongee kuhusu beji. Nazungumzia zile beji ndogo za enameli zenye picha ya Zeppelin, meli ya angani ya Wajerumani iliyofanana na sigara kubwa na kuelea kwa gesi ya hidrojeni. Wakusanyaji wa vitu vya kale bado wanazitafuta, na wauzaji hupenda kusema: "Hii ilikuwa ya abiria." Hebu tupige hesabu.

Shirika la DELAG lilianzishwa mwaka 1909 kuchukua abiria kwa meli hizo. Hadi vita vilipoanza 1914 lilikuwa limebeba abiria wa kulipa kama 10,000 tu. Graf Zeppelin, iliyoruka mara ya kwanza 1928 na kuzunguka dunia Agosti 1929, ilikuwa na nafasi ya kulala abiria 20 hivi. Mwaka 1936, tiketi ya Hindenburg ya kuvuka Atlantiki, kwenda tu bila kurudi, ilikuwa dola 400. Mfanyakazi wa kawaida angezitoa wapi?

Lakini kila ilipopita meli, umati ulijaa chini kutazama. Hao ndio waliokuwa soko kubwa la beji, kadi za posta na vijiko vya ukumbusho.

Tena hawakuwa watazamaji tu. Tarehe 5 Agosti 1908, meli LZ 4 ya mzee Ferdinand von Zeppelin ilishika moto huko Echterdingen, karibu na Stuttgart. Kazi yake ingeishia hapo. Wananchi wakaanza kuchanga, wengine senti chache tu, na mchango ukapita marki milioni 6. Kwa pesa hizo kampuni ya kujenga meli ikaundwa mwaka huohuo. Aluminiamu ya mabaki nayo ikayeyushwa ikawa vitu vya ukumbusho, vikiwa na mhuri wa kuthibitisha kwamba chuma hicho kimetoka LZ 4. Naam, hata enzi hizo mnunuzi alitaka uthibitisho!

Sasa, enameli ni nini? Unavijua vile vikombe vyeupe vya bati vyenye ukingo wa buluu? Ni kitu kilekile: unga wa kioo ulioyeyushwa juu ya chuma. Kwa beji, kipande cha shaba kiligongwa kwa mhuri ili kipate picha yenye kingo ndogo. Unga wa kila rangi ukawekwa kwenye kishimo chake, kisha ukachomwa kwenye tanuri la nyuzi 800 hivi. Mwisho beji ilisuguliwa na kutiwa pini nyuma.

Kwa hiyo ukiletewa beji, chukua lenzi. Kioo ni kigumu na baridi ukikigusa, na kikigongwa humeguka kama kile kikombe. Rangi laini kama plastiki ni dalili ya kazi ya baadaye. Geuza utazame mgongo pia: vile vibanio vya kubana kwa mabawa mawili vilienea baada ya enzi ya Zeppelin kwisha.

Enzi hiyo ilikwisha haraka. Hindenburg iliungua Lakehurst, Marekani, tarehe 6 Mei 1937, wakafa watu 36. Graf Zeppelin ikaacha kubeba abiria, na mwaka 1940 ikavunjwa ili chuma chake kitumike vitani. Kilichochangiwa na umma kikaishia kwenye ndege za kivita, ila beji zilibaki kwenye masanduku ya nguo.

Ndiyo maana ule uongo wa "ilikuwa ya abiria" unaniudhi. Unaongeza bei, sawa, lakini unamfuta mtu aliyetoa senti yake na hakupanda hata siku moja. Ukinunua beji, muulize muuzaji ilitoka kwa nani, uandike jibu kwenye karatasi, na karatasi hiyo ikae na beji.