Sauti Namba 17: Kinanda cha Umeme Kutoka Léopoldville Hadi Marungu

Katika kwaya nyingi za nyanda za juu za Marungu, kuanzia Pepa hadi mteremko wa kushukia Moba ziwani, kinanda ni kile kidogo cha plastiki kinachobebwa begani. Siku betri ya sola imeishiwa nguvu, kinatiwa mawe sita makubwa na ibada inaendelea. Mpiga kinanda akitaka sauti nzito ya kulijaza kanisa, anaitafuta ogani katika orodha ya sauti. Katika mpangilio wa sauti 128 ambao watengenezaji wa ala za elektroniki waliafikiana mwaka 1991, ogani hiyo ndiyo namba 17. Anabonyeza, na kinachotoka kwenye spika ni sauti ya mashine iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1935. Ni mashine ambayo wanaume wanne wangehema kuipandisha ngazi, na huenda yeye hajapata kuiona hata kwa picha.

Kuna watu waliokaa chini, wakaipima mashine hiyo na kuihifadhi ndani ya hesabu. Kazi yao inastahili kujulikana huku kwetu, kwa sababu muziki wa Kongo na wa Afrika Mashariki umo katika safari ya sauti hiyo tangu mwanzo.

Aliyeibuni ni Laurens Hammond wa Chicago, fundi aliyekuwa akitengeneza saa za umeme. Mota ya saa yake ilizunguka kwa mwendo uleule bila kuyumba, ikifuata mapigo ya umeme wa mjini. Hammond akaitumia kuzungusha magurudumu madogo ya chuma, 91 kwa jumla, yenye kingo za mawimbi. Kila gurudumu linapita karibu na sumaku iliyozungushiwa waya. Kila wimbi la ukingo linapopita, umeme kidogo unazaliwa ndani ya waya, na wingi wa mawimbi kwa sekunde ndio unaoamua kama sauti itakuwa nyembamba au nene. Mpigaji ana vijiti tisa vya kuvuta kwa kila mchanganyiko wa sauti, anaongeza hiki na kupunguza kile, mpaka apate sauti aitakayo.

Mashine hiyo nayo ilizaliwa kama mwigo. Hammond aliitangaza kuwa inaweza kushika nafasi ya ogani kubwa ya mabomba ya makanisa ya Ulaya, na mamlaka ya biashara ya Marekani ikamfungulia kesi kwa madai hayo. Mwaka 1937, katika kanisa la Chuo Kikuu cha Chicago, wasikilizaji waliwekwa wasikie ogani zote mbili bila kuziona wakatambue ipi ni ipi. Walikosea mara nyingi. Mwaka uliofuata kampuni iliamriwa kupunguza majigambo yake, lakini biashara ilikuwa imekwisha kushika. Makanisa ya Wamarekani weusi yakaichukua ogani hiyo na kuipa roho ambayo Hammond mwenyewe hakuitarajia.

Kongo ilimpata kwanza mdogo wa ogani hiyo. Mwaka 1940 kampuni hiyohiyo ilitoa Solovox, kinanda kifupi kilichofungwa chini ya vitufe vya piano, kikiwa na spika yake kwenye sanduku la pembeni. Kilifanya kazi kwa taa za elektroniki kama redio za zamani, kilitoa sauti moja tu kwa wakati mmoja, na mpigaji aliongeza au kupunguza sauti kwa goti. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Solovox ilikuwa Léopoldville, kwenye studio ya Opika iliyomilikiwa na ndugu wa ukoo wa Benatar. Aliyeipiga ni Mbelgiji Gilbert Warnant. Joseph Kabasele, ambaye Kongo nzima ilimwita Kallé, alirekodi Opika siku zile, na mwaka 1953 African Jazz ikaundwa. Kwa hiyo sauti ya taa na umeme ilikwisha kuingia katika rumba ya Kongo miaka kadhaa kabla ya uhuru, ikikaa juu ya gitaa kama filimbi yenye mtetemo. Ninaposikiliza rekodi za wakati ule, huwa nashangaa jinsi wapiga gitaa wanavyoipisha, kama waliokwisha kuizoea.

Mwaka 1961 Kabasele alikutana Brussels na kijana wa Kameruni, Manu Dibango, akamchukua kurekodi na African Jazz, kisha akaja naye Léopoldville. Dunia inamkumbuka Dibango kwa saksafoni, lakini alipiga piano pia. Katika miaka hiyohiyo mtoto aliyezaliwa mwaka 1946 huko Lufu-Toto alikuwa seminari ndogo ya Mikondo, ambako mapadri walimtambua kipaji na kumkalisha mbele ya ogani. Ndiye Ray Lema. Aliyaacha maisha ya seminari, mwaka 1974 akawa kiongozi wa muziki wa Baleti ya Taifa ya Zaire, kisha akaenda Marekani na baadaye Ufaransa, ambako sinteza, yaani kinanda kinachounda sauti kwa umeme, ikawa chombo chake cha kazi pamoja na piano. Wapiga kinanda wetu wengi wamepita njia hiyohiyo ya misheni. Wamisionari wa Afrika, yaani Mapadri Weupe, walikuwa Mpala tangu mwaka 1885, na pale Kirungu, juu ya Moba, ndipo Stefano Kaoze alipopewa upadri mwaka 1917, Mkongo wa kwanza wa zama hizi. Kila mahali misheni ilipotia mizizi, kinanda hakikuchelewa kufika.

Kulikuwa na njia nyingine pia, na ni haki kuitaja. Kamina, huko Katanga, padri Guido Haazen na kwaya yake walitengeneza Missa Luba, iliyotolewa kwenye sahani mwaka 1958. Misa hiyo inakwenda kwa sauti za watu na ngoma, na hakuna anayelalamika kwamba ogani haimo.

Upande wa pwani habari ilikuwa tofauti. Huko aliyetawala ni akodiani, iliyoingia katika taarab na kukaa karibu na fidla na ganuni. Nchini Italia mwaka 1946 viwanda vitatu vya akodiani vya mkoa wa Ancona viliungana na kuwa Farfisa. Mafundi walewale waliozoea vitufe vya akodiani wakageukia umeme, na mwaka 1964 wakatoa ogani ya transista iliyokunjwa miguu na kubebwa kama sanduku la safari. Vikundi vya Mombasa vilipoanza kutumia ogani ndogo za umeme, mpigaji wa akodiani hakuhitaji kujifunza upya. Mkono wa kulia ulikuwa tayari unajua njia. Kufika mwanzoni mwa miaka ya 1990, East African Melody na wenzao waliokuja na taarab ya kisasa walikuwa wamekiweka kinanda mbele kabisa, kikishika kazi ya fidla, ya akodiani na hata ya ngoma. Wazee wa Unguja walinung'unika. Vijana walijaa ukumbini.

Mashine iliyoigeuza dunia miaka ya 1980 ilitoka Japani. Mwaka 1983 Yamaha ilitoa DX7, ikitumia ugunduzi wa John Chowning wa Chuo Kikuu cha Stanford: wimbi moja la sauti linatikiswa na jingine, na kutoka kwa mtikisiko huo unapata kengele, shaba au piano inayong'aa. Zaidi ya laki moja na nusu ziliuzwa. Muziki wa Wazaire uliorekodiwa Paris miaka hiyo umejaa sinteza za kizazi kile. Zikachukua kazi ya matarumbeta, kwa sababu mpiga kinanda mmoja alilipwa ujira mmoja ilhali wapiga tarumbeta walikuwa wanne. Tusimlaumu mwenye bendi. Lakini ukweli ni kwamba hapo ndipo ajira nyingi za wapuliza vyombo zilipokwisha.

Kuna Mhabeshi mmoja ambaye habari yake inanigusa kuliko zote. Hailu Mergia alipiga ogani na Walias Band, bendi iliyotumbuiza hoteli ya Hilton ya Addis Ababa. Alikwenda Marekani akabaki huko, na mwaka 1985 akarekodi kaseti peke yake: akodiani, piano ya umeme, sinteza na mashine ya midundo. Kisha miaka mingi akawa dereva wa teksi Washington, kinanda chake kikiwa kwenye buti la gari, akikitoa kufanya mazoezi anaposubiri abiria. Kaseti hiyo ilitolewa tena mwaka 2013, akarudi jukwaani.

Kufikia miaka ya 1990 ogani za Hammond zilikuwa zimeacha kutengenezwa kwa magurudumu tangu katikati ya miaka ya 1970, na sinteza za mwanzo zilikuwa zinakufa kwa kukosa vipuri. Ndipo waandishi wa programu wakaingia. Mwaka 1997 Wasweden wa Propellerhead walitoa ReBirth, iliyoziweka mashine za Roland ndani ya kompyuta ya kawaida. Mwaka 2000 Native Instruments ya Berlin ikatoa B4, mwigo wa Hammond B-3. Mwaka 2003 Arturia ya Grenoble ikafanya hivyohivyo kwa mashine ya Robert Moog, kwa ridhaa ya Moog mwenyewe.

Kazi hiyo inahitaji sikio na uvumilivu. Wako wanaorekodi kila kitufe na kuhifadhi rekodi hizo, na wako wanaoandika hesabu ya kila gurudumu, kila waya, kila spika inayozunguka, ili kompyuta iizae sauti upya mpigaji anapobonyeza. Wenye kufuata njia ya pili waligundua jambo la ajabu: sauti safi haikumridhisha mtu. Hammond ya kweli hutoa mlio mdogo wa "tak" kitufe kinapogusa waya zake. Laurens Hammond aliuona mlio huo kuwa ila, na wahandisi wake walihangaika kuuondoa. Magurudumu jirani nayo huvujishiana sauti. Wapigaji walikwisha kuyapenda hayo yote, basi waandishi wa programu wakalazimika kuyarudisha makosa hayo moja baada ya jingine, hata wakaweka kitufe cha kuchagua ogani iwe imechakaa kiasi gani.

Kosa moja, hata hivyo, hatulihitaji Pepa. Mota ya Hammond hufuata mapigo ya umeme. Ukiiunganisha na jenereta inayolegea mafuta yakipungua, wimbo mzima unashuka sauti, na waimbaji wanashuka nao. Programu haina mota. Kompyuta ndogo inayochajiwa kwa sola itakupa noti ya "la" ileile asubuhi na jioni.

Na si lazima ununue. Iko setBfree, ogani ya Hammond ya bure ambayo maandishi ya programu yake yako wazi kwa yeyote kuyasoma na kuyarekebisha. Iko Dexed, inayoiga DX7 na kusoma hata sauti zilizohifadhiwa na wenye mashine za asili. Vijana wengi wa studio zetu wanatumia FL Studio, iliyoanza Ubelgiji mwaka 1997 kwa jina la FruityLoops. Ni kwa zana za namna hii kwamba mafundi wa muziki wa singeli wa Dar es Salaam walichukua vipande vya taarab ya kinanda, wakavikimbiza mpaka vikawa muziki mwingine kabisa. Kampala, lebo ya Nyege Nyege Tapes iliutoa mwaka 2017 na ukasikika hadi Ulaya.

Lakini programu nazo hufa, tena haraka kuliko chuma. ReBirth iliachwa mwaka 2005. B4 haiuzwi tena. Hammond ya mwaka 1955 iliyotunzwa bado inapigwa, ilhali programu ya mwaka 2000 inahitaji kompyuta ambayo watu walikwisha kuitupa. Ndiyo sababu naziamini zaidi zile ambazo maandishi yake yako wazi: mwenyewe akichoka, mwingine anaendelea.

Turudi kwenye ile orodha ya sauti 128. Namba 22 ni akodiani. Namba 109 ni kalimba, jina ambalo Hugh Tracey alilitangaza duniani alipoanza kuunda na kuuza ala hiyo Afrika Kusini miaka ya 1950, baada ya kuzunguka na mitambo yake ya kurekodi hadi Katanga. Kalimba imo kwa sababu mtu aliibeba, akaipima, akaipa kiwango kimoja. Zeze halimo. Kayamba haimo. Kisanji cha Waluba, chenye upangaji wake wa sauti usiolingana na piano, hakimo, na ukikilazimisha kwenye namba 109 kinakuwa kitu kingine. Nionavyo mimi, ujuzi wote uliotumika kuhifadhi mlio wa "tak" wa mashine ya Chicago unatosha kabisa kuhifadhi mlio wa chuma cha kisanji kinapotikisa kibuyu. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa na mpigaji, ulimi mmoja baada ya mwingine, akiwa na kinasa sauti.

Kwa hiyo ombi langu kwenu, walimu wa kwaya, mapadri, wachungaji na wenye bendi wa Pepa, Moba, Kalemie na kwingineko: kinanda kibovu kilichoko stoo msikiuze kama chuma chakavu kabla fundi hajakirekodi sauti zake. Kaseti za kwaya za miaka ya nyuma zihamisheni kwenye simu sasa, maana utepe unaoza. Na kijana mwenye kompyuta, akimaliza kujifunza programu za wengine, amtafute mzee anayepiga kisanji angali hai, amrekodi kila ulimi kwa nguvu tofauti, na aiweke kazi hiyo wazi ili kila mpiga kinanda aipate bure.