Kuipima Hisa ya Kampuni ya Umeme: Historia ya Kipimo na Maneno Yake

Utangulizi

Katika Nshambya, mjini Bukoba, na katika vijiji vinavyoelekea Muleba, mtu mwenye busara hanunui kibanja kwa kutazama mavuno ya mwaka mmoja. Huuliza majirani: mwaka wa jua kali migomba ilizaa nini? Mwaka bei ya kahawa ilipoanguka, mwenye kibanja alipata kitu gani? Huuliza pia kama fedha anazozitaja muuzaji ni za leo au za zamani, kwani shilingi mia ya mwaka 1970 si shilingi mia ya leo. Akishapata majibu hayo ndipo hutaja bei.

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba kipimo kimoja kinachosifiwa sana katika masoko ya hisa si kitu kingine ila hekima hiyo hiyo iliyoandikwa kwa tarakimu. Tutaeleza asili yake, tutakijaribu juu ya kampuni za umeme za Afrika Mashariki, kisha tutayapima maneno ya Kiswahili yanayotumika kukieleza.

Hatuyapimi maneno hayo kwa kuipenda lugha peke yake. Mwalimu mmoja mstaafu wa Nshambya alitueleza jinsi alivyotumia sehemu ya kiinua mgongo chake kununua hisa za kampuni fulani, baada ya kusoma katika tangazo kwamba "faida halisi" ya kampuni hiyo imekuwa maradufu katika miaka minane. Yeye alidhani kwamba neno halisi limekwisha kuondoa kupanda kwa bei, kama lifanyavyo tusemapo "mshahara halisi". Kumbe tangazo lilimaanisha faida inayobaki baada ya kutoa gharama na kodi, basi. Bei za vitu nazo zilikuwa zimepanda karibu maradufu katika miaka hiyo hiyo. Kwa hiyo kampuni haikuwa imekua. Mwalimu hakuilaumu kampuni. Alituuliza sisi tunaoshughulika na lugha: "Wanangu, neno moja mmelipaje kazi mbili?" Swali hilo ndilo chanzo cha makala haya.

Umeme na hisa zake

Umeme katika Kiswahili cha kale ni mwanga wa radi. Nguvu mpya ilipofika ilipewa jina hilo, na upande wa Kenya watu wengi wakaiita stima, jina lililotokana na mitambo ya mvuke. Hisa nalo ni neno tulilolipata kutoka Kiarabu, lenye maana ya fungu au sehemu. Maneno hayo mawili yalikutana mapema. Mwaka 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, alianzisha kampuni ya umeme mjini humo, na mwaka huo huo Nairobi nayo ikapata kampuni yake. Mwaka 1922 kampuni hizo mbili ziliunganishwa zikawa East African Power and Lighting.

Tanganyika ilikuwa na umeme tangu mwaka 1908, wakati wa Wajerumani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza mitambo iliendeshwa na serikali ya Waingereza, mpaka mwaka 1931 ilipokabidhiwa kampuni mbili za watu binafsi: DARESCO na TANESCO. Mwaka uliofuata kampuni ya Nairobi ilijipatia hisa nyingi za TANESCO. Kwa hiyo maporomoko ya Pangani, yaliyoanza kutoa umeme katika miaka ya 1930, yaliendeshwa na kampuni ambayo wenye hisa wake wengi walikuwa nje ya Tanganyika. Mwaka 1954 soko la hisa la Nairobi lilipoanzishwa, East African Power and Lighting iliingizwa humo. Mwaka 1964 Serikali yetu ilizinunua hisa zilizoipa mamlaka juu ya kampuni za umeme, na ilipofika 1975 TANESCO ilikuwa mali ya umma yote. Kampuni ya Nairobi ilibadili jina mwaka 1983 ikawa Kenya Power and Lighting, na hisa zake zimeendelea kuuzwa sokoni.

Msomaji wa Bukoba atauliza: hayo yatuhusu nini sisi, ambao kwa miaka mingi taa zetu zimewaka kwa umeme unaonunuliwa Uganda na kupitishwa Kyaka? Yatuhusu kwa sababu mbili. Kila serikali au mtu anunuapo hisa hapana budi akubali bei fulani, na bei haikubaliki bila kipimo. Tena, Soko la Hisa la Dar es Salaam lilipoanza kazi mwezi wa Aprili 1998, wakulima na watumishi waliokuwa hawajapata kuona hati ya hisa walialikwa kununua. Walialikwa kwa Kiswahili.

Asili ya kipimo

Kipimo cha kawaida ni chepesi. Hutazamwa bei ya hisa moja, ikagawanywa kwa faida ambayo hisa hiyo iliipata katika mwaka mmoja. Hisa inayouzwa shilingi 84 na kupata faida ya shilingi 6 ina uwiano wa 14. Yaani mnunuzi hulipa faida ya miaka 14. Kasoro yake ni ile ile ya kununua kibanja kwa mavuno ya mwaka mmoja.

Kasoro hiyo ilidhihirika Marekani, na kampuni za umeme zilikuwa katikati ya msiba. Katika miaka ya 1920 hisa za umeme zilipendwa kupita kiasi. Samuel Insull wa Chicago alijenga kampuni zinazomiliki kampuni nyingine, tabaka juu ya tabaka, na watu wa kipato kidogo wakaweka akiba zao humo. Mwaka 1929 soko lilianguka. Mwaka 1932 jengo la Insull likaporomoka. Mwaka 1935 Bunge la nchi hiyo lilitunga sheria ya kuzidhibiti kampuni za namna hiyo.

Ni katikati ya magofu hayo, mwaka 1934, ambapo Benjamin Graham na David Dodd wa Chuo Kikuu cha Columbia walichapisha kitabu chao cha uchambuzi wa hisa na hati za mikopo. Walishauri kwamba faida itazamwe kwa wastani wa miaka isiyopungua mitano, na afadhali saba au kumi, ili miaka minono na miaka ya njaa zihesabiwe pamoja. Mwaka 1988 John Campbell na Robert Shiller waliongeza jambo la pili: kabla ya kutafuta wastani, faida ya kila mwaka igeuzwe kwanza iwe katika fedha za leo. Kipimo hicho kilivuma Shiller alipoonya juu ya hisa za Marekani. Uwiano huo ulipita 40 mwishoni mwa 1999, juu kuliko mwaka 1929, na baadaye bei zikaanguka. Mwaka 2013 Shiller alikuwa mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi.

Jinsi ya kukokotoa

Tuchukue mfano wa kubuni. Kampuni ya umeme ilipata faida ya shilingi 4 kwa hisa katika mwaka wa kwanza, fahirisi ya bei ilipokuwa 100. Katika mwaka wa kumi ilipata shilingi 6, fahirisi ikiwa 200. Mtu wa haraka atasema faida imepanda kwa nusu. Lakini shilingi 4 za mwaka wa kwanza zilinunua vitu ambavyo leo vinahitaji shilingi 8. Kwa hiyo faida imeshuka kwa robo. Tukifanya hivyo kwa kila mwaka, na tuseme jumla ya miaka kumi ni shilingi 70 za leo, wastani ni 7. Hisa ikiuzwa 84, uwiano ni 12.

Katika nchi zetu hatua ya kusawazisha bei si pambo. Kati ya 1980 na 1990 bei Tanzania zilipanda kila mwaka kwa zaidi ya asilimia 25. Kenya mwaka 1993 zilipanda kwa karibu asilimia 46. Anayejumlisha shilingi za miaka kama hiyo bila kuzisawazisha ni kama anayejumlisha magunia na vikapu.

Iko hatua nyingine inayosahauliwa. Mwaka 2010 Kenya Power iligawa kila hisa yake moja ikawa nane. Mwenye kulinganisha faida ya hisa ya kabla na ya baada hapana budi agawanye ile ya zamani kwa nane, ama sivyo atadhani kampuni imeanguka.

Kipimo kinapofaa na kinapodanganya

Kampuni ya umeme haijipangii bei yake. Bei hupitishwa na mamlaka ya udhibiti, nayo aghalabu hukaa miaka kadhaa bila kubadilika wakati gharama zinapanda, kisha huongezwa kwa mkupuo. Mikopo ya mitambo nayo hulipwa kwa fedha za kigeni. Kwa hiyo faida hupanda na kushuka kama maji ya bwawa.

Kenya Power imetupa mfano ulio wazi. Katika mwaka wa hesabu ulioishia Juni 2023 ilipata hasara ya takriban shilingi za Kenya bilioni 3.2. Mwaka uliofuata ilipata faida ya takriban bilioni 30. Wateja hawakuwa wameongezeka mara kumi; bei ya umeme ilikuwa imepandishwa Aprili 2023, na shilingi, iliyoporomoka kisha ikapata nguvu, iliufanya mzigo wa madeni ya nje uvimbe na baadaye upungue. Faida ile ilikuwa zaidi ya shilingi 15 kwa hisa, ilhali katikati ya 2024 hisa yenyewe iliuzwa sokoni kwa chini ya shilingi 5. Kwa kipimo cha mwaka mmoja, mnunuzi alikuwa akipewa faida kubwa kuliko bei. Kwa kipimo cha mwaka 2023, hisa haikuwa na thamani hata kidogo. Vipimo vyote viwili ni upuuzi. Wastani wa miaka kumi, wenye hasara na faida ndani yake, haumalizi ubishi, lakini humpa mtu mahali pa kuanzia.

Hata hivyo kipimo hiki hutazama nyuma tu. Kampuni ya Umeme ya Uganda ilipewa mwaka 2005 haki ya kusambaza umeme kwa miaka 20. Hisa zake ziliingizwa sokoni Kampala mwaka 2012, na muda wa mkataba ukaisha Machi 2025. Wastani wa faida ya miaka kumi iliyopita, uliokokotolewa mkataba ukielekea ukingoni, ungeonyesha hisa rahisi; lakini faida yenyewe ilikuwa inafika mwisho. Ni sawa na kununua mazao ya kibanja ambacho mwakani kinarudi kwa mwenyewe.

Kasoro nyingine imo katika uchakavu. Bwawa lililojengwa zamani, kama vitabu vimebaki na gharama ya wakati ule, hukatwa uchakavu mdogo mno. Faida huonekana kubwa kuliko ilivyo. Kuisawazisha faida kwa fahirisi hakuondoi kosa hilo, kwani faida yenyewe ilikwisha kupotoka kabla ya kusawazishwa.

Maneno

Tukiyarudia maneno sasa, tunaona kwamba mengine yamekwisha kukaa. Hisa, gawio na mtaji hayana mgogoro. Mfumuko wa bei limeshika mahali pa "kupanda kwa gharama za maisha", ingawa kufumuka kwadokeza jambo la ghafla, na bei aghalabu hunyemelea. Umma umelikubali, tuliache. Fahirisi na faharasa ni ndugu wa asili moja. Tunapendekeza faharasa ibaki ya vitabu na fahirisi iwe ya bei, kama watakwimu wetu wafanyavyo.

Ugumu uko kwa mapato, pato na faida, na zaidi kwa halisi. Mapato ni fedha zote ziingiazo. Faida ni kinachobaki. Halisi limetumika kwa kilichobaki baada ya makato, na pia kwa kilichosawazishwa kwa bei. Mwenye kiinua mgongo mkononi hawezi kujua lipi linakusudiwa. Tunapendekeza:

Faida ghafi: mauzo yakiondolewa gharama za moja kwa moja za kuyapata, kabla ya gharama nyingine na kodi.

Faida safi: kinachobaki baada ya gharama zote na kodi.

Faida halisi: faida safi iliyosawazishwa kwa fahirisi ya bei, pamoja na kutaja mwaka wa shilingi zinazotumika.

Pato la hisa: faida safi ikigawanywa kwa idadi ya hisa.

Uwiano wa muda mrefu: bei ya hisa ikigawanywa kwa wastani wa pato halisi la hisa kwa miaka kumi.

Hitimisho

Wako watakaosema kwamba maneno haya ni ya wahasibu, na wahasibu wana lugha yao. Hatukubaliani nao. Hisa huuzwa kwa yeyote mwenye akiba, na tangazo lisomwalo Nshambya ni ahadi kama lile lisomwalo Dar es Salaam. Tulipompelekea yule mwalimu orodha hii aliisoma mara mbili, akaturudishia akiwa ameandika kando ya faida halisi: "Na mwaka wa shilingi usiachwe." Maneno hayo yalikuwa hayamo katika orodha yetu ya kwanza. Tumeyaingiza, nasi twaomba watunzi wa matangazo wayafuate.