Mamba wa Hindorf na miche 62 ya mkonge

Kila kampeni ya kufufua mkonge inapozinduliwa Tanga, mamba wa Hindorf hakosi kutajwa. Hadithi inasema Mjerumani mmoja aliiba miche Mexico, akaishindilia ndani ya tumbo la mamba aliyekaushwa, akawapita walinzi wa forodha na kuvuka bahari mpaka Pwani yetu. Inanoga kusimuliwa. Kasoro yake ni kwamba inamfanya mwizi kuwa shujaa na mmea kuwa mzigo tu, ilhali aliyefanya kazi kubwa katika mkasa huu ni mmea wenyewe.

Kumbukumbu za kilimo hazina mamba. Zinaeleza kwamba mwaka 1893 Dk. Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Ilipitia bandari ya Hamburg, na huko wakakuta iliyo hai ni kama 200. Ilipofika Tanga ilikuwa imebaki 62. Ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani.

Kwa nini Florida na si Mexico kwenyewe? Hapo ndipo penye kisa ambacho Tanga haikisimulii. Wenye mkonge wa Yucatán hawakutaka mbegu yao itoke nje, maana kamba za meli zilikuwa utajiri wao, na bandari yao ya Sisal ndiyo iliyoupa mmea jina ulimwenguni. Lakini katika miaka ya 1830 daktari mmoja, Henry Perrine, aliyekuwa konseli wa Marekani mjini Campeche, alikuwa tayari amekwishapeleka miche Florida. Alikuwa mtu wa kung'ang'ania jambo. Aliamini mimea ya nchi za joto ingeitajirisha Florida, akalisumbua Bunge la nchi yake hadi likamkubalia ardhi ya majaribio. Vita kati ya Marekani na Waseminole, wenyeji wa asili wa Florida, vikamzuia kwenda kwenye ardhi hiyo, akahamia na familia yake kisiwa kidogo cha Indian Key.

Usiku wa kuamkia tarehe 7 Agosti 1840 kisiwa kikavamiwa. Perrine aliwaficha mkewe na watoto chini ya nyumba, mahali palipoingia maji ya bahari, yeye akabaki juu. Aliuawa na nyumba ikachomwa moto. Waliojificha chini waliponea chupuchupu, moto ukiwaunguzia mbao juu ya vichwa vyao. Na mikonge? Ikabaki visiwani bila mwenyewe, ikaendelea kuzaana katika mchanga na chumvi kwa zaidi ya miaka 50, hadi agizo la Hindorf lilipofika Florida. Jina la kisayansi la mmea linamtaja Perrine mpaka leo, lakini Tanga ni wachache wanaomjua.

Iliwezekanaje mmea usiotunzwa na mtu ukaishi nusu karne, kisha miche 62 ikazaa mashamba yasiyoonekana mwisho? Jibu limo katika maisha ya mkonge wenyewe, na wanaoyajua vizuri ni wakata mkonge kuliko wanahistoria.

Mkonge wa Hindorf hautegemei mbegu. Huanza kama mche mdogo unaokaa kitaluni mwaka mmoja hivi, kisha huhamishiwa shambani. Majani hutoka katikati yakiwa yamesokotana kama mkuki. Jani hujibandua kutoka kwenye mkuki huo, husimama wima, kisha hulala taratibu kwa kadiri mapya yanavyolisukuma nje. Mkataji huangalia mlalo huo: hukata yaliyokwishalala na kuacha ya juu yaulishe mmea. Jani lililokatwa hutoa maji yanayowasha ngozi, na ukilikwangua unaziona singa nyeupe zilizopangana kutoka kitako hadi kwenye mwiba wa ncha. Mchana wa jua kali mkonge hufunga vitundu vyake vya kupumulia na kuvifungua usiku, ndiyo maana hukubali ardhi ambayo mahindi yangekauka.

Majani 200 hadi 250 ndiyo umri wake wote. Yanapokaribia kwisha, yanayotoka huwa mafupi. Kisha, baada ya miaka saba hadi kumi, mlingoti huchomoza katikati na kupanda kwa kasi ya ajabu, mita tano, sita na zaidi. Hutoa matawi na maua. Maua hupukutika, na mahali pake huota miche midogo yenye majani na vizizi kabisa, ikiwa bado juu angani. Mlingoti mmoja huweza kubeba zaidi ya 2,000. Huanguka, hushika ardhi, na mama aliyetumia kila kitu alichonacho kuijenga hukauka na kufa. Kabla ya hapo chini ya ardhi amekwishatoa maotea pembeni. Kila mche ni nakala ya mama. Sehemu kubwa ya mkonge wa zamani wa Tanga, basi, ni ileile miche 62 iliyoendelea kujirudia.

Haikuchukua muda. Kufikia mwaka 1913 koloni la Wajerumani lilikuwa likisafirisha zaidi ya tani 20,000 za katani. Waingereza wakaendeleza, na baada ya Vita Kuu ya Pili bei ikapaa. Kazi ilifanywa na manamba, vijana waliochukuliwa Kigoma, Njombe, Songea, Msumbiji na Ruanda-Urundi, wakapewa namba na kupelekwa kambini. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda SILABU, chombo cha kuwakusanya. Hindorf ana jina vitabuni. Manamba waliopanda na kukata hawana hata ukuta wa kuandikwa majina yao, na hilo ni aibu yetu, si ya Wajerumani.

Nakala moja iliyojirudia ina udhaifu wake: haibadiliki. Watafiti wa kituo cha Amani, na baadaye wa kituo cha Mlingano huko Muheza, waliliona hilo mapema, wakaanza kuchanganya aina mbalimbali za jamii ya mkonge. Waliupata mchotara walioupa namba 11648, wenye kutoa majani mara mbili na zaidi kabla ya kutoa mlingoti. George Lock, aliyeandika kitabu cha robo karne ya utafiti huo mwaka 1962, amekijaza mambo ya nafasi za kupanda, mbolea na hesabu ya majani. Si kitabu cha mamba, lakini kina faida zaidi kwa mkulima.

Yaliyofuata yanajulikana. Katikati ya miaka ya 1960 Tanzania ilizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Kamba za plastiki zikaja, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, korona, mitambo ya kukwangua majani, zikachakaa, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa karibu tani 20,000. Kisha ubinafsishaji, kisha kampeni, na sasa wakulima wadogo wanahimizwa kupanda.

Kwa hao wakulima neno ni moja. Using'oe maotea ya shamba lililotelekezwa ukayapanda moja kwa moja kwa sababu ni ya bure: hukua kwa vimo tofauti na hutoa milingoti kwa nyakati tofauti, ukashindwa kupanga mavuno. Tafuta miche ya mlingotini kutoka kwenye mkonge wenye afya, ilee kitaluni, chagua iliyolingana, ndipo uipeleke shambani. Utaishi nayo miaka mingi.